Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ubishi wa sheria na vifaa vya kichawi kwenye D&D

Haya ni maswali ambayo naulizwa karibu kila wiki na watu wanaoanza kuendesha meza zao za Dungeons and Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kutupa dadu, na mengine nayaulizwa na wachezaji wangu mwenyewe, tena kwa sauti ya juu, saa tano usiku, mtu kashika kitabu mkononi. Nayajibu kwa jinsi tunavyocheza sisi, yaani toleo la tano, vitabu vya 2014 pamoja na vile vilivyofanyiwa marekebisho 2024. Anayeendesha mchezo namwita DM maana ndivyo kila mtu anavyosema. Mwenye wizadi, yaani mhusika anayetumia uchawi aliousoma, simwiti mchawi, hilo neno kwetu lina uzito wake na kuna mama mmoja alitusikia mezani akaanza kuuliza maswali.

Hivi sheria na uamuzi si kitu kimoja?

Hapana, na ukishaona tofauti yake nusu ya ubishi inakwisha. Sheria imeandikwa. Uamuzi unakuja pale kitabu kinaponyamaza. Chukua chupa ya mafuta ya taa, kile kitu cha bei rahisi kabisa kwenye orodha ya vifaa. Kitabu cha 2014 kinasema ukiyamwaga chini yanafunika mraba wa futi 5, ukiyawasha yanaungua raundi 2 na anayeingia humo anaumia pointi 5 za moto. Sawa. Sasa mchezaji anayamwaga kwenye ngazi za mawe, hawashi, anataka goblini wanaoshuka mbio wateleze. Kitabu hakina hata neno moja la kuteleza. Hapo hakuna cha kutafuta kwenye kurasa, DM anaangalia tu kinachoeleweka, anasema kila goblini atupe sevu ya Dex (dadu ya wepesi wa kujiokoa), DC 10 (yaani afikishe angalau 10), akishindwa kaanguka, mchezo unaendelea. Watu wengi wanapoteza muda kutafuta kitabuni jibu la swali ambalo kitabu hakijawahi kuulizwa.

Nani mwenye neno la mwisho?

DM. Tangu 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa vile vijitabu 3 vya kwanza, mchezo ulikuwa na matundu mengi ambayo lazima mtu aliyekaa mezani ayazibe, na mpaka leo uko hivyohivyo. Ila neno la mwisho siyo neno la kwanza, sikiliza kwanza halafu ndo ukate.

Ubishi ukianza katikati ya seshen (kikao cha mchezo) nifanyeje?

Ngoja nisimulie kilichotukuta, maana ndicho kilichonifundisha. Kampeni, yaani hadithi yetu ya vikao vingi, ilikuwa levo ya 5, kuna muuaji haonekani amejificha kwenye ghala, dada mwenye wizadi akapiga spelo (uchawi mmoja wa kitabuni) ya kuona visivyoonekana. Akasema nishamwona, sasa namshambulia kawaida. Jamaa mmoja akafungua kitabu, akasema, "Dada samahani, soma hapa." Na kweli, kwenye kitabu cha 2014 hali ya kutoonekana ina vipengele viwili, cha kwanza kinasema huwezi kuonekana bila uchawi au hisia maalumu, cha pili kinasema mashambulizi dhidi yako yanakuwa na disadvanteji (anayeshambulia anatupa dadu mbili, anachukua ndogo), na hicho cha pili hakisemi popote kwamba ukionwa kinafutika. Dada akajibu, "Kaka, mimi namwona kwa macho yangu, na spelo nimelipia, sasa disadvanteji inatoka wapi?"

Tulikaa dakika arobaini. Chai ikapoa. Wawili hawakuwa hata na upande, walikuwa wanasubiri tu zamu yao.

Kiukweli wote wawili walikuwa na hoja, kaka alikuwa anasoma maneno na dada alikuwa anasoma maana, na marekebisho ya 2024 yakaja kumpa dada haki yake, sasa imeandikwa wazi kwamba anayeweza kukuona huna faida hiyo juu yake. Lakini usiku ule hatukuwa tunahitaji haki, tulikuwa tunahitaji kujua dadu zinatupwa mara ngapi.

Tangu siku hiyo meza yangu ina utaratibu mmoja. Ubishi una dakika 2. Zikiisha bila ukurasa kupatikana naamua mimi, na nikiwa sina uhakika naegemea upande wa mchezaji, isipokuwa kama uamuzi ule unaweza kumuua mhusika wa mtu, hapo tunasimama tunatafuta mpaka tupate. Halafu naandika kwenye daftari, mstari mmoja tu, tarehe na nilichoamua. Baada ya seshen naenda kusoma taratibu, na wiki inayofuata kabla hatujaanza nasema ile ishu ya wiki iliyopita nilikosea, kuanzia leo iko hivi. Kilichopita hakirudishwi nyuma. Hilo daftari limeokoa urafiki, nasema kwa dhati, maana kinachowauma wachezaji mara nyingi ni kuamuliwa tofauti na mwenzao kwenye jambo lilelile.

Mchezaji kaniletea posti ya mtengenezaji wa mchezo inasema tofauti na mimi. Ni sheria?

Kwa miaka mingi Jeremy Crawford, aliyekuwa mkuu wa sheria za toleo la tano, alikuwa anajibu watu Twitter, na majibu yake watu wameyahifadhi kama msahafu. Ila kampuni yenyewe ya mchezo, Wizards of the Coast, ilikuja kusema wazi kwamba posti zake si tamko rasmi, kilicho rasmi ni ule mkusanyiko wa majibu wanaoutoa kama hati. Mimi nazisoma kama ushauri wa mtu anayejua, nyingine nzuri sana, nyingine nimeziacha. Mchezaji akikuletea mshukuru, amejisumbua kutafuta, halafu amua.

Ishirini kavu si inafaulu kila kitu?

Yaani dadu ya pande 20 ikionyesha 20 yenyewe. Kwenye shambulio ndiyo, unagonga na inakuwa kriti (pigo kali zaidi). Kwenye kujaribu ujuzi, kitabu hakisemi hivyo. Kumwambia mfalme akupe kiti chake na ukatupa 20 haina maana anakupa, labda atacheka badala ya kukufunga jela. Dawa yake ni rahisi, kama jambo haliwezekani usimwambie mtu atupe dadu. Ukishamruhusu kutupa umeshamwambia kuna uwezekano, na akipata 20 halafu ukasema haijatosha, umemdanganya.

Advanteji mbili zinajumlishwa?

Hazijumlishwi. Hata ukiwa nazo nne unatupa dadu mbili, unachukua kubwa. Ukiwa na advanteji nne na disadvanteji moja zinafutana zote, unatupa moja. Watu wanaona hii haina haki, mimi naona ndiyo sheria bora kwenye kitabu kizima kwa sababu imeua hesabu za vijumlisho kumikumi tulizokuwa nazo toleo la 3.5.

Kuna jamaa anataka kupanga mstari wa wakulima warushiane mkuki

Huyu yuko kila meza. Hoja yake ni kwamba raundi moja ni sekunde 6, kila mkulima akijiandaa kupokea na kumpa wa mbele yake, basi wakulima elfu mbili na kitu wanapitisha mkuki zaidi ya kilomita 3 ndani ya hizo sekunde, kwa hiyo wa mwisho anaurusha kwa kasi ya kutisha na unabomoa ngome. Mwonyeshe kwamba anakopa sheria za mchezo pale zinapomfaa, halafu dakika ya mwisho anahamia fizikia pale inapomfaa. Kwa sheria mkulima wa mwisho anarusha mkuki wa kawaida, unaumiza kwa d6 (dadu ya pande 6) basi. Kitabu cha DM cha 2024 chenyewe kimeandika kwamba sheria hazikuwekwa kuwa fizikia ya ulimwengu. Lakini msifie kidogo, amefikiri.

Tukija kwenye vifaa vya kichawi: daraja la uadimu si linatosha kujua kama kifaa kina nguvu kiasi gani?

Halitoshi kabisa. Angalia vitu vitatu vya kuruka kwenye kitabu cha DM cha 2014. Ufagio wa kuruka uko daraja la pili kutoka chini, unaenda futi 50, hauna kikomo cha muda, na hata hauhitaji kufungamana nao (kukaa nao kwanza kwenye mapumziko ili nguvu zake zikukubali). Viatu vyenye mabawa daraja lilelile, vinataka ufungamane navyo, na vinakupa masaa 4. Halafu joho la mabawa ni adimu, daraja moja juu yake, linataka kufungamana, linaenda futi 60 ila kwa saa 1 tu, na likiisha unasubiri masaa kadhaa unayotupa kwa d12. Yaani kile kinachoitwa adimu zaidi ndicho kinachokubana zaidi. Linganisha pia na wizadi, spelo ya kuruka anaipata levo ya 5, inamla sloti ya tatu (nafasi ya kupiga spelo, anazo chache kwa siku), inataka akazanie umakini, na inaisha dakika 10. Ukimpa mtu ufagio levo ya 3 umempa kitu ambacho wizadi bado hana na akikipata kitamgharimu.

Kwa hiyo kabla sijatoa kifaa siulizi ni cha daraja gani, najiuliza kinafuta maswali gani. Upanga wa +2 (unajumlisha 2 kwenye kugonga na kuumiza) unafanya monsta afe mapema, hilo naweza kulirekebisha. Ufagio unafuta mto, unafuta ukuta wa ngome, unafuta shimo, unafuta mlima, na unafuta kila mnyama asiye na cha kurusha.

Fimbo isiyosogea ni kinyume chake. Unabonyeza kitufe, inaganda hapohapo hewani, inabeba mpaka paundi 8,000, zaidi kidogo ya tani tatu na nusu. Haina hata pointi moja ya shambulio. Wachezaji wangu wameitumia kuzuia mlango, kuning'inia chini ya daraja, kumkwamisha chatu mkubwa mdomo wazi, na kila mara ilibidi wafikirie wote kwa pamoja. Ningekuwa na uwezo ningempa kila kundi moja.

Lakini +1 ni ndogo tu, si ndiyo?

Peke yake ni ndogo. Ishu ni zikirundikana kwa mtu mmoja, na hapa naomba tupige hesabu kidogo.

Faita (mpiganaji wa silaha) mwenye deraya kamili ya chuma na ngao ana AC 20, yaani adui lazima afikishe 20 ili ampate. Monsta mwenye +7 ya kujumlisha kwenye dadu anahitaji kutupa 13, kwa hiyo anampata mara 8 kati ya 20. Sasa mpe deraya ya +1, ngao ya +1, pete ya ulinzi na joho la ulinzi. Vyote vinajumlishwa kwa sababu ni vitu vyenye majina tofauti, na hakuna hata kimoja ambacho ukikiona peke yake kinatisha. AC 24. Monsta yuleyule anahitaji 17, mara 4 kati ya 20. Umepunguza kipigo chake kwa nusu kwa vitu vinne vidogo.

Bado hujafika kwenye tatizo lenyewe. DM anaona faita haguswi, anachoka, analeta monsta mwenye +11 ili mambo yawe sawa. Dhidi ya faita tumerudi kulekule, anahitaji 13. Lakini pembeni kasimama wizadi mwenye AC 13. Yule wa +7 alikuwa anampata wizadi mara 15 kati ya 20, huyu wa +11 anampata mara 19. Wizadi hajafanya kosa lolote, hajapewa chochote, na ndiye anayelipia pete ya mwenzake. Ndiyo maana nasema mizani ya vifaa ipimwe kati ya wachezaji wenyewe, siyo kati ya wachezaji na monsta, maana monsta unaweza kumbadilisha muda wowote na hana kinyongo.

Naweza kuvaa pete mbili za ulinzi?

Hapana, huwezi kufungamana na nakala mbili za kifaa kimoja.

Kikomo cha kufungamana na vifaa 3, niongeze viwe 4 au 5? Wachezaji wananiomba

Usiongeze. Hicho kikomo ndicho breki pekee iliyobaki kwenye mchezo, bila hicho vitu vyote vinaishia kwa mtu mmoja. Kikiwepo inabidi waulizane nani achukue nini, na mtu mwenye vitatu tayari anamwachia mwenzake. Halafu kubadilisha kunataka mapumziko mafupi, lile saa zima, kwa hiyo hawezi kubadilisha pete katikati ya vita kama anabadilisha laini ya simu.

Glavu za nguvu za zimwi nimpe nani?

Zinaweka Nguvu yako iwe 19, basi. Ukimpa faita mwenye 18 umempa bure kabisa, modifaya yake (kijumlisho kinachotokana na Nguvu) inabaki +4 ileile. Ukimpa kleriki (mhusika wa dini) mwenye 10 umembadilishia maisha. Hapa kuna jambo la heshima pia, kama kuna mchezaji ameweka maendeleo yake yote levo ya 4 ili Nguvu ifike 18, halafu wiki ijayo rogu (mhusika mjanja wa kunyatia) aliyeanza na 8 akamzidi kwa glavu tu, yule wa kwanza ataumia hata kama hatasema. Muulize kwanza.

Nimeshatoa kifaa kimeharibu kampeni. Nakirudishaje?

Mimi nilimpa rogu ule ufagio levo ya 3. Mmoja mezani aliuita ungo kuanzia siku ya kwanza na jina likaganda. Wiki tatu mambo yalikuwa matamu kweli, tulicheka sana. Wiki ya nne wakafika kwenye korongo ambalo nilikuwa nimeliandaa siku mbili, na faita ndiye aliyekuwa mkali wa kupanda, ujuzi wote aliuweka huko. Rogu akasema napanda ungo nabeba kamba, navusha mmoja mmoja, tumemaliza. Ilichukua chini ya dakika moja. Nikamwangalia mwenye faita, alikuwa ameinamisha kichwa anaskroli simu, kidole kinapanda tu, na karatasi yake ya mhusika ilikuwa chini ya glasi ya maji.

Wazo la kwanza linalomjia DM ni kumtuma mwizi aibe, au joka aunguze. Nakuomba usifanye hivyo. Mchezaji anajua kabisa ni wewe, na kuanzia hapo hatakuonyesha tena kitu anachokipenda. Mimi nilimpigia simu siku moja kabla ya mchezo. Nikamwambia, "Kaka, ule ungo umenishinda kuuendesha, nilikupa mapema mno, kosa ni langu. Naomba tuongee." Akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee hata mimi nimeona jamaa kapoa." Tukakubaliana sisi wawili: unaruka mara 3 kwa siku, dakika 10 kila mara, mtu mmoja tu, na unataka kufungamana nao. Nikampa na kisu cha +1 kufidia. Wiki iliyofuata alitangaza mwenyewe mezani. Faita akapanda ukuta wa kwanza na kila mtu akasimama kushangilia.

Maneno ya kweli kwanza, kubadilisha kifaa pili, fidia tatu. Kunyang'anya kabisa ni pale tu mwenyewe akikubali.

Waweza kununua vifaa dukani?

Inategemea dunia yako. Kitabu cha 2014 kinatoa makadirio mapana mno, adimu kwa mfano ni kuanzia dhahabu 501 mpaka 5,000, hiyo si bei ni ukanda. Mimi nauza dawa za kuponya, 50 kila moja, na vitu vya kutumia mara moja, kwa sababu vinajirekebisha vyenyewe, vikiisha vimeisha. Vya kudumu vinatoka kwenye hadithi. Na kwa dawa nimefuata 2024, kuinywa ni bonasi aksheni (kitendo kidogo cha nyongeza kwenye zamu), kwa sababu zamani mtu alikuwa anatumia aksheni yake nzima kunywa 2d4+2 (dadu mbili za pande 4, ongeza 2) halafu anapigwa zaidi ya alichopona.

Mchezaji kaja na kifaa alichokitunga mwenyewe

Mpokee vizuri. Tafuta kwenye kitabu kifaa kinachofanana nacho, kisha sema wazi kwamba tunakijaribu seshen 3 halafu tutakaa tena. Andika kwenye daftari. Hiyo sentensi moja ya "tunakijaribu" itakuokoa na zile simu za kuomba msamaha.

Nikiweka mfuko usiojaa ndani ya shimo la kubebeka kweli unalipuka?

Hivyo viwili ni vifaa vyenye nafasi ya kichawi ndani yake. Vyote vinaharibika, lango la kwenda Astral (ulimwengu mwingine kabisa) linafunguka, na yeyote aliye ndani ya futi 10 anavutwa humo, halafu linajifunga. Kwa hiyo siyo mlipuko, hakuna pointi za kuumia, ni kusafirishwa bila tiketi ya kurudi. Wachezaji wakitaka kuligeuza kuwa silaha ya kumalizia bosi wa mwisho, waache, wametoa vifaa viwili vya thamani. Ila mkumbushe anayeshika mfuko kwamba futi 10 ni hatua tatu nne tu na yeye yumo.

Kuna sheria kwa Kiswahili?

Tangu Januari 2023 ile hati ya msingi ya sheria, SRD 5.1, iko chini ya Creative Commons (leseni huria), kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuitafsiri na kuisambaza mradi ataje ilikotoka. Mimi nimeanza vipande kwa ajili ya meza yangu na nakwambia kutafsiri ndiyo njia bora ya kugundua sheria inasema nini hasa. Kuna sehemu ilinikalisha jioni nzima: kitabu cha 2014 kinatofautisha "shambulio la silaha la ana kwa ana" na "shambulio kwa silaha ya ana kwa ana". Kwa haraka utaona ni kitu kimoja. Kumbe ngumi ni ya kwanza, lakini ngumi yenyewe si silaha, ndiyo maana paladini (shujaa wa kiapo kitakatifu) wa 2014 hakuweza kupiga pigo lake takatifu kwa ngumi. 2024 wakaruhusu ngumi wazi, na mimi nikafuta mstari mzima kwenye daftari langu. Vipande nilivyomaliza mpaka sasa ni hali za mhusika, mapumziko, na vita. Vifaa vya kichawi bado, nimekwama kwenye neno la kufungamana, wengine mezani wanataka kuzoeana, na wiki ijayo tunapiga kura.